Nisomee Nisikie

Wanangu na wajukuu zangu wa Songo Mnara, pamoja nanyi mliovuka mkaweka makazi Pande, Masoko, Lindi na Dar es Salaam, maneno haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nasema kwa mkono wangu kwa sababu nilikuwa mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, kabla sijaweza kuandika jina langu. Ninalotaka kuwaambia ni dogo, ila nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa nimeliona likifanya kazi na nimeliona likipuuzwa. Mtoto anayesoma nyumbani anahitaji mtu wa kumsikiliza. Kitabu anakihitaji na taa anaihitaji, lakini kabla ya hivyo anahitaji sikio, na sikio kila nyumba inalo.

Miaka michache iliyopita mwanangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia dawa zangu za presha. Alizifunga kwenye boksi, akaandika juu kwa kalamu nene: SONGO MNARA, KILWA. Boksi likafika bandarini salama. Kijana aliyekuwa akipakia mizigo akatazama, akasoma “Songo”, kilichobaki akakimalizia kichwani mwake, akalitia boksi kwenye boti ya Songosongo. Songosongo ni kisiwa cha gesi, kiko kaskazini yetu, kila mtu amekisikia redioni. Sisi tuko kusini ya Kilwa Kisiwani na hatusikiki sana. Dawa zangu zilikaa huko siku tisa, na siku tisa hizo kichwa kiliniuma mpaka nikawa siwezi kuinama kufagia uwanja.

Simlaumu kijana yule kama mtu mbaya. Aliomba radhi, na siku aliponiletea boksi alikuja nalo mwenyewe hadi mlangoni. Nilimuuliza amesoma mpaka wapi, akaniambia amemaliza darasa la saba. Basi niliitazama ile “Songo” yake nikaona ndiyo kusoma kwa watoto wetu wengi. Wanashika kichwa cha neno, mkia wanaubahatisha. Shuleni inapita, kwa sababu darasa zima linaitikia kwa pamoja na sauti ya asiyejua inazama ndani ya sauti za wanaojua. Nyumbani haipiti, maana nyumbani sauti ni moja tu.

Nitawaonyesha ninavyomaanisha. Juzi mjukuu wangu wa darasa la tatu alikaa karibu yangu barazani na kitabu cha hadithi alichoazimwa. Kwenye ukurasa kulikuwa na picha ya mwanamume anatoka ufukweni, kapu begani. Chini yake maneno machache. Mtoto akasoma bila kusita, kwa sauti nzuri: “Baba alirudi na kapu la samaki.” Nilikuwa nimevaa miwani yangu, nikaona sivyo ilivyoandikwa. Sikumwambia amekosea. Nilifunika ile picha kwa kiganja nikamwambia, “Nisomee tena, polepole, nisikie vizuri.” Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Ba-ba. A-li-ru-di. Na. Ka-pu. Hapo akapwelewa, akanitazama usoni, nami nikabaki kimya. Akarudi kwenye ukurasa. Tu-pu. Akalisoma tena lote, sasa kwa pamoja: “Baba alirudi na kapu tupu.” Kisha akainua macho akasema, “Bibi, kumbe hakupata kitu?”

Hiyo “kumbe” ndiyo kusoma kwenyewe. Mara ya kwanza alikuwa anasoma maisha ya nyumbani kwetu, ambako kapu linalotoka baharini lina samaki. Mara ya pili alikisoma kitabu, na kitabu kikamwambia jambo ambalo hakulijua. Baada ya hapo alitaka kujua watu wa nyumba ile walikula nini usiku, tukafungua ukurasa wa pili, na wa tatu, mpaka tukaitwa kula. Ilichukua muda gani? Robo saa, pengine pungufu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuweka kiganja juu ya picha na kufunga mdomo.

Sisemi haya kwa ajili ya kisiwa chetu pekee. Watu wa Uwezo, ambao tangu mwaka 2010 wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika Tanzania kuwapima watoto, wamekuta mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kiswahili, wanangu, lugha ambayo mtoto anaiota usiku. Na serikali imefanya sehemu yake kubwa: ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na madarasa ya kwanza na ya pili yamepangiwa mtaala unaokazania KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mwalimu mmoja mwenye watoto themanini hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma ukurasa. Hesabuni wenyewe. Akimpa kila mtoto dakika tatu tu, zinapita saa nne, na hajafundisha kitu kingine. Sikio ambalo mwalimu hana nafasi ya kulitoa, nani atalitoa?

Zamani tulilitoa, na mpaka leo tunalitoa, ila kwa kitabu kingine. Mtoto wa chuo cha Kurani hasomi peke yake. Anakaa mkekani mbele ya maalim na juzuu yake, anasoma kwa sauti, maalim anasikiliza hata kama mikono yake inafanya kazi. Akikosea irabu anarudishwa. Akifika nyumbani baada ya Maghrib anadurusu, na mama yake aliyeko jikoni akisikia sauti imekatika anauliza, “Mbona kimya?” Mama huyo pengine haijui aya aliyofika mtoto, lakini kimya anakijua. Hivyo ndivyo wengi wenu mlivyohitimu mkiwa wadogo, mkapikiwa pilau, mkaombewa dua, watu wakatoa machozi. Utaratibu huu tuliupa Msahafu, na ni haki yake. Kitabu cha shule hatukukipa. Kitabu cha shule tumekiachia shule. Mtoto akirudi, mkoba unatundikwa msumarini, na kinachoushusha ni kengele ya kesho asubuhi.

Wala msije mkadhani kusoma ni mambo ya wageni yaliyoletwa na meli. Mnacheza kila siku kwenye magofu, mnaingia na kutoka katika nyumba ambazo watu waliishi tangu karne ya 14 hadi ya 16. UNESCO iliyaingiza magofu yetu, pamoja na ya Kilwa Kisiwani, katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wataalamu waliokuja kuchimba hapa walikuta mwaka 2011, ndani ya nyumba moja, pesa za shaba zaidi ya 300 zimewekwa mahali pamoja. Ni ndogo, nyepesi, za aina ya Kilwa. Upande mmoja kuna jina la mfalme, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande hizi mbili yana vina. Fikirieni hilo vizuri. Dhahabu hukaa kwa wafalme, shaba hupita mkono hadi mkono, na wazee waliokaa kisiwa hiki kabla yetu walikuwa wakienda kununua vitu vyao na kipande cha ushairi kiganjani.

Na nyinyi wasichana, hasa nyinyi, hili ni lenu. Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana zimetoka hapa kwetu. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimehifadhiwa Goa, India. Miongoni mwa wenye barua hizo ni Mfalme Fatima, malkia wa Kilwa, na binti yake Mwana Nakisa. Mama na mwana. Mtu akikwambia kuwa mtoto wa kike akishajua kupika na kusali inatosha, mkumbushe kwamba mama na mwana wa Kilwa walikuwa wakiandikiana na watu ng'ambo ya bahari zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Sasa niwaeleze yangu. Mimi chuoni nilipelekwa, shule sikupelekwa. Kaka zangu wawili walivuka kwenda kusoma, mimi nikabaki na ndoo na watoto wa watu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo, yale tuliyoyaita ngumbaru, yakaenea nchi nzima. Vitabu vyake viliandikwa kufuata kazi za watu: mwenye pamba alisoma habari za pamba, mwenye migomba habari za ndizi, mvuvi habari za uvuvi. Sisi tulikuwa tukikaa chini ya mwembe alasiri, maji yakiwa yamejaa na hakuna wa kwenda pwani. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mdogo kuliko mimi, na alituita mama kila mmoja.

Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo. Nikashindwa. Nilijua herufi zote, nilijua kuziunga, lakini nilipopewa maneno mapya nisiyoyazoea jasho likanitoka. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na nilikuwa nimeazimia kwamba sirudi tena chini ya mwembe.

Aliyenirudisha ni mwanangu wa kwanza, na hakukusudia. Mwaka uliofuata alianza darasa la kwanza. Jioni moja alirudi na kitabu akakaa kwenye mkeka baina yangu na baba yake. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi, Msahafu akiusoma vizuri sana, ila herufi za shule hakuwa amejifunza. Alikuwa anashona nyavu. Mtoto akaanza kusoma, na mimi nikawa nafuata kwa jicho kutoka pembeni, herufi zangu zikaanza kunirudia. Alipofika mahali pagumu akafanya kama wafanyavyo watoto, akavuruga, akakimbia mbele. Baba yake hakuinua macho kwenye wavu. Alisema tu, “Rudia hapo, sijafahamu.”

Mtoto akarudia. Akavuruga tena. “Bado sijafahamu. Huyo mtu alikwenda wapi?” Ikabidi mtoto atulie, alitazame neno lile herufi kwa herufi, alitoe lilivyo. “Ahaa,” baba yake akasema, “sasa endelea.”

Ilikuwa hivyo kila usiku ambao hakuwa baharini. Mtu asiyejua hata herufi moja ya kitabu kile ndiye aliyemfunza mwanawe kusoma, kwa sababu alijua hadithi ikinyooka na alijua ikipinda. Mtoto anaweza kuudanganya ukurasa. Hawezi kumdanganya mtu anayetaka kweli kujua huyo mtu alikwenda wapi. Mimi nami, pale pembeni, nikiwa nasoma kwa jicho yale yanayosomwa kwa mdomo, nilifanya tena mtihani mwaka 1977 nikafaulu. Cheti ninacho.

Mimi na wenzangu wengi tulifaulu pamoja. Nchi nzima ilifanya kazi kubwa, hata mtihani wa mwaka 1986 ulipofika, wasiojua kusoma na kuandika walihesabiwa kuwa wamebaki kama mtu mmoja kati ya kumi. Lakini nitawaambia jambo linalonichoma mpaka leo. Katika wale wenzangu wa chini ya mwembe, wengi walirudi kuweka dole gumba. Walitundika cheti ukutani, na ndani ya nyumba hakukuwa na cha kusoma wala wa kumsomea. Miaka kumi baadaye macho yalikuwa yanaziona herufi kama mtu anavyowaona watu aliowahi kukutana nao safarini, sura anaikumbuka, jina hana. Mimi ningekuwa hivyo hivyo. Nilisalimika kwa kuwa kila jioni kulikuwa na mtoto mkekani, akitoka huyu anaingia mdogo wake.

Kwa hiyo nyinyi vijana wazazi mnaoniambia, “Bibi, mimi mwenyewe darasa la saba sikufika, nitamsaidia nini mtoto,” jibu langu ndilo hilo. Kaa naye. Mwambie, “Nisomee nisikie.” Akimaliza muulize amesoma nini. Kama hawezi kukusimulia, hajasoma, basi mwambie arudie kwa upole. Huhitaji kujua zaidi ya hapo.

Wakati wake ni baina ya Maghrib na Isha, wakati ule ule wa kudurusu. Kama mtoto ana chuo jioni, atangulize juzuu, kisha kitabu cha shule. Viwili hivi havigombani, na maalim yeyote mwenye busara atakwambia kwamba mtoto aliyezoea kufuata mstari kwa kidole katika kimoja hupata wepesi katika cha pili. Taa za sola sasa zimo karibu kila nyumba. Sisi tulisomea koroboi, tukaamka asubuhi na masizi puani.

Najua maisha ya hapa. Bamvua likija, kina mama na mabinti wote wanashuka pwani kutafuta pweza na chaza, na mtoto wa kike anarudi jioni amechoka, mgongo unamuuma, vidole vimekunjamana kwa maji. Siku hizo msimpe kurasa tano. Mpeni sentensi tatu, azisome akiwa amelala kwenye mkeka kama anataka, lakini azisome. Kinachomfanya mtoto kuwa msomaji ni kule kutoruka siku. Siku ya kwanza mtaruka kwa sababu ya pweza, ya pili kwa sababu ya harusi, ya tatu hamtakuwa na sababu na mtaruka vilevile.

Nyinyi kina baba mnaokwenda dago, kwenye kambi za uvuvi, wiki tatu, wiki nne, msiseme hamko nyumbani. Simu mnazo. Piga usiku mmoja katika siku mbili, usianze na habari ya bei ya samaki, mwambie mama mtoto ampe mtoto simu, naye akusomee ukurasa mmoja. Nimeliona likifanyika katika nyumba moja hapa jirani. Baba yuko dago huko kusini, mtoto yuko barazani kashika kitabu mkono mmoja na simu mkono wa pili, anapaza sauti ili baba amsikie juu ya upepo. Mtoto yule alikuwa wa mwisho mwisho katika darasa lake. Sasa siye.

Jambo moja nawakataza kwa nguvu zangu zote zilizobaki. Msimcheke mtoto anayesoma kwa kukwamakwama. Msimpige kofi kwa neno, msimwite mzito mbele ya wenzake. Mtoto akichekwa mara mbili kwa kitabu, kitabu anakichukia, na hatakwambia kwamba anakichukia, atakwambia tumbo linamuuma. Nimewaona watu wazima, wanaume wenye mashua zao, wanaoondoka barazani barua inapofunguliwa kwa sababu ya kicheko kimoja cha zamani. Kaka na dada wakubwa, hili ni lenu zaidi kuliko la wazazi, maana kicheko kinatoka kwenu. Wewe uliye darasa la sita chukua mdogo wako wa darasa la kwanza uwe sikio lake. Utashangaa namna wewe mwenyewe utakavyonyooka.

Mtaniuliza vitabu viko wapi. Ni kweli, ni vichache. Lakini tusianze na visivyokuwapo. Kisiwani hapa maandishi yapo mengi kuliko mnavyoyaona. Mwambie mtoto akusomee jina la kila mashua iliyoegeshwa pwani, na mengine ni marefu, yana methali ndani yake. Akusomee mfuko wa unga, karatasi ya dawa, kadi ya kliniki ya mdogo wake, ujumbe wa pesa ulioingia kwenye simu, kibao cha magofuni. Huo ujumbe wa pesa hasa. Mtoto akishajua kwamba kusoma kwake ndiko kunakoijulisha nyumba ni shilingi ngapi zimeingia na zimekatwa ngapi, hamtahitaji kumsukuma.

Kisha twende shuleni tukaombe. Najua shule nyingi hufungia vitabu kabatini, kwa hofu kwamba mtoto akikibeba kitarudi kimelowa au kimechanwa kufungia karanga. Hofu hiyo sisi wazazi ndio tuliyoipanda. Twendeni kwenye kikao cha shule tuseme: tupeni vitabu vya hadithi viende nyumbani Ijumaa virudi Jumatatu, na kitakachopotea mzazi atakilipa. Nitasimama wa kwanza kusema hivyo. Mtoto apewe mfuko wa nailoni wa kutilia kitabu, maana njia zetu ni za maji na mikoko. Wenye simu kubwa, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake mtandaoni na vinasomwa bila malipo. Bando lile linalomaliziwa kwenye video za watu wanaocheza, sehemu yake ndogo ingemfungulia mtoto kitabu cha darasa lake. Mkitoka Dar es Salaam kuja Idi, mnaleta nguo, mnaleta viatu, Mungu awabariki. Leteni na kitabu kimoja cha hadithi cha Kiswahili, kile chenye picha. Kitasomwa na nyumba sita kabla hakijachakaa.

Nimalizie na nyinyi wenyewe wanafunzi, mlio darasa la tano, la sita na la saba. Mkifaulu mtakwenda sekondari, na huko masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Wengi wanaingia kidato cha kwanza kama mtu aliyetupwa kilindini hajui kuogelea. Siwezi kuwafundisha Kiingereza, sikijui. Ninachokijua ni kwamba mtoto aliyezoea kukaa na kitabu cha Kiswahili mpaka kimfungukie, akikutana na kitabu kigumu cha lugha nyingine hakikimbii. Anajua kwamba neno lisilofahamika leo hufahamika likirudiwa. Yule aliyezoea kubahatisha kwa Kiswahili hana cha kubahatishia kwa Kiingereza, hapo picha haipo na darasa haliitikii kwa pamoja. Basi tumieni miaka hii mliyo nayo. Someni kwa sauti mpaka lile neno la mwisho la mstari, hata kama mnadhani mnalijua. “Songo” ina visiwa viwili, wajukuu zangu.

Mimi leo baada ya Maghrib nitakuwa barazani kwangu, taa itakuwa inawaka. Vitabu vya hadithi ninavyo vitatu, kimoja hakina jalada lakini kurasa zake zote zimo. Mwenye kitabu chake aje nacho, asiye nacho aje vilevile, na mama au baba atakayemleta akae chini asiondoke. Kila mtoto nitampa ukurasa mmoja, na wote tutanyamaza tumsikilize.